Kusimika nguzo za gati kwa pampu ya maji: uzoefu wetu kusini ya Mto Pangani

Nianze na jibu la swali kama njia hii inafaa, maana najua ndilo mnalotafuta. Kama ardhi yenu ni mchanga na mnachojenga si kizito, kusimika nguzo kwa nguvu ya maji kunafaa. Ni kazi ya haraka, na kwa sisi tulio mbali na mitambo mikubwa ni karibu njia pekee tunayoimudu. Fundi wetu nimempa nyota 4 kati ya 5. Iliyopungua nitaieleza, ila kwanza kazi yenyewe, kwa sababu nimesikia watu wakidhani ni kuchimba shimo kwa maji kisha kutumbukiza nguzo, na sivyo.

Sisi ni kikundi cha wenye boti. Tunabeba wavuvi, mizigo, na wageni wanaokwenda Maziwe, kile kisiwa cha mchanga kilichofanywa hifadhi mwaka 1975. Siku zote abiria wetu wamepanda boti kwa kuingia majini hadi kiunoni, wazee na akina mama wenye watoto mgongoni wakiwemo. Hilo lilikuwa linaniuma. Tukaamua kujenga gati dogo la mbao, upana wa kupishana watu wawili, lenye ngazi mbele. Pwani yetu ni tambarare na maji yakipwa yanakwenda mbali, kwa hiyo gati hili linafaa kuanzia maji ya nusu kwenda juu. Hilo tulilijua na tulilikubali.

Tulipouliza bei ya mashine ya kupigilia nguzo, ile nyundo kubwa, gharama ya kuileta tu, na kuivusha mto kwa pantoni, ilizidi bei ya mbao zote. Kuchimba mashimo na kumwaga zege hakuwezekani: mchanga uliojaa maji ukiuchimba unajifukia kabla hujatoa koleo la pili. Ndipo tukapata fundi wa Tanga anayefanya kazi hii kwa pampu, mabomba na vijana wake. Vifaa vyote vilienea kwenye pikapu moja.

Namna inavyofanya kazi ni hivi. Bomba la chuma linasimamishwa ubavuni mwa nguzo, mdomo wake ukiwa sawa na ncha ya chini. Pampu inasukuma maji kupitia bomba hilo. Yakitoka chini yanatafuta njia ya kurudi juu, na iliyo rahisi ni kandokando ya nguzo. Yanapopanda yanatenganisha chembe za mchanga, na kwa muda huo mchanga unakuwa kama uji mwepesi: hauibani nguzo ubavuni wala hauizuii chini. Nguzo inashuka kwa uzito wake na kwa kusukumwa kidogo. Pampu ikizimwa, chembe zinatulia na kubanana tena, nguzo inashikwa.

Kwa hiyo kwenye mchanga kinachotakiwa ni wingi wa maji kuliko ukali wake. Mashine ya kuoshea magari ina presha kubwa kuliko pampu ya umwagiliaji, lakini maji yake ni machache mno. Itatoboa tundu jembamba na kuishia hapo. Fundi alitumia pampu ya petroli ya inchi 3, ya aina ile ile wakulima wanayovutia maji mtoni, inayotoa kama lita 1,000 kwa dakika ikiwa nzima na mpira wake ni mfupi. Mpira ukirefuka nguvu inapotea njiani. Badala ya kuiacha pampu nchi kavu aliipakia kwenye mashua na kuitia nanga jirani na kazi, na chujio la mpira wa kuvutia akalifunga kwenye boya lisiguse chini, maana mchanga ukiingia unakula panga za ndani ya pampu. Kila jioni waliisafisha kwa maji baridi ya kisima. Ukimwona fundi haoshi pampu iliyovuta maji ya chumvi, jiulize na mengine anayafanyaje.

Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakutoa bei siku ya kwanza. Alikuja na bomba jembamba la robo tatu ya inchi, akaunganisha pampu ndogo, akapima mstari wote wa gati akilishusha bomba peke yake bila nguzo. Mkono unahisi: mchanga unapokea bomba kwa upole, kokoto zinagonga, mfinyanzi unang'ang'ania, na jiwe la matumbawe linakataa kabisa. Akachora kwenye daftari kila sehemu ina nini na kwa kina gani. Karibu na nchi kavu tulikuwa na mchanga mtupu wenye magamba ya chaza. Katikati, mchanga mzuri kupita yote. Mwishoni, chini ya mchanga, kulikuwa na tabaka la mfinyanzi wa kijivu. Kuna fundi mwingine tuliyezungumza naye kabla yake aliyesema pwani yote ni moja, hakuna haja ya kupima. Huyo tuliachana naye hapo hapo. Upande wa Unguja na sehemu nyingine za pwani yetu, chini kidogo tu ya mchanga unaweza kukuta jiwe la matumbawe, na hapo maji ya pampu hayana la kufanya.

Nguzo zetu ni za mti wa mlingoti (mkaratusi) uliotiwa dawa, kama zile za umeme, zilizotoka Mafinga. Ubao usiotiwa dawa baharini unatobolewa na wadudu wa majini hadi kubaki ganda, hata kwa nje ukionekana mzima. Urefu wa kila moja ni mita 8, na zilizama ardhini karibu mita 4. Wenzangu waliona kina hicho ni kingi. Fundi akaeleza kwamba mkondo unapopita kwenye nguzo unakula mchanga kuizunguka, na ni kawaida shimo hilo kufikia kina cha kipenyo cha nguzo mara mbili. Juu ya hapo pwani yenyewe hupungua na kuongezeka, kusi ikila na kaskazi ikirudisha, au kinyume chake kutegemea mahali. Nguzo iliyozama mita 2 leo inaweza kubaki na mita 1 mwakani.

Siku ya kazi yenyewe inapendeza kuitazama. Walisimamisha nguzo kwa miguu mitatu ya mabomba, kapi juu, kamba chini. Mabomba ya maji yalikuwa mawili, moja kila upande, kwa sababu ukitumia moja nguzo inaegemea upande uliolegea. Kijana mmoja alishika timazi, wawili wakaizungusha nguzo kulia na kushoto kwa boriti iliyofungwa kati yake, na wenye mabomba wakayapandisha na kuyashusha polepole. Kwenye mchanga safi ilikuwa suala la dakika chache. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba nguzo ya mbao, ikiwa ndani ya mchanga uliolegea, inataka kuelea. Ilibidi waning'inize viroba vya mchanga juu ya boriti hadi ardhi itulie.

Sasa hapa ndipo penye uzito wa kazi nzima, na ndipo ningependa kila anayefikiria huduma hii asome mara mbili. Nguzo iliyoshushwa kwa maji peke yake hadi mwisho inabeba mzigo mdogo kuliko iliyopigiliwa, na ni rahisi zaidi kung'oka, kwa kuwa mchanga uliouzunguka mti umevurugwa, na ule wa chini ya ncha pia. Fundi mzuri anazima maji kabla ya kufika. Wetu alizima ilipobaki kama mita 1, akayachomoa mabomba taratibu huku maji yakipunguzwa ili yasiache uwazi, kisha akapigilia kilichobaki kwa gogo la chuma linaloinuliwa kwa kamba na kuachiwa. Mwanzoni kila pigo liliishusha nguzo upana wa kiganja. Mwishoni ilishuka upana wa kidole, kisha chini ya hapo. Unaiona ardhi ikikubali kubeba. Tena hakupigilia nguzo moja na kuwasha pampu jirani yake, maana maji yangeilegeza ile iliyokwisha kaza. Alishusha jozi nzima kwa maji, ndipo akapigilia zote mbili.

Kwenye mfinyanzi mambo yalibadilika. Maji hayakupanda kandokando ya nguzo, yalitoboa tundu lao na kutokea pembeni, na midomo ya mabomba ikaziba udongo mara kwa mara. Walibadilisha midomo kuwa myembamba ili maji yawe makali, ikasaidia kiasi. Jozi mbili za mwisho zilichukua muda kuliko nyingine zote, na nguzo moja ililala. Waliing'oa kwa njia ile ile iliyoishusha: pampu ikawashwa, ardhi ikaachia, nguzo ikavutwa kwa kapi na kusimikwa upya. Hilo ni jema, kwa nyundo tungeikata.

Hapo pia ndipo nyota ilipopotea. Maji yalikuwa yanajaa, jioni imeingia, vijana wakataka kuiacha jozi ya mwisho bila kupigilia, wakidai mfinyanzi utaishika wenyewe. Fundi mwenyewe hakuwepo. Tulikataa, wakarudi kesho yake kumaliza, lakini isingetakiwa sisi wateja ndio tuwasimamie. Petroli nayo haikuwemo kwenye bei waliyotupa, na pampu ya namna hii inakunywa. Na mbao za mshazari, zinazofunga nguzo zisiyumbe, zilichelewa hadi bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, ikazikuta nguzo ziko peke yake. Zilisimama, ila zilicheza. Ulizeni mapema petroli ni ya nani na mshazari unafungwa lini, yaandikwe.

Kuhusu vibali, msijaribu kukwepa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru ukingo wa bahari, ndani ya mita 60 kutoka ukingo huo, na kazi hii inatimua tope linaloweza kufunika nyasi za bahari. Tulipitia Halmashauri na NEMC, baraza la taifa la mazingira, na pampu tuliiwasha maji yakitoka ili tope lisisukumwe kwenye nyasi upande wa nchi kavu. Kelele ni ndogo mno kuliko za nyundo kubwa. Kijiji hakikulalamika.

Wanaosema hii ni njia ya kubahatisha niwaambie kwamba mhandisi James Brunlees aliitumia kwenye gati la Southport, Uingereza, lililofunguliwa mwaka 1860: nguzo za chuma, sahani chini, maji yakipita ndani. Limefanyiwa matengenezo mengi lakini bado lipo. Na lilisimikwa kwenye mchanga.

Kabla ya kulipa sehemu ya mwisho tulizipima nguzo. Tulitia alama ya rangi usawa wa boriti ya kwanza, tukapakia viroba vya mchanga kuzidi uzito wa watu wanaoweza kusimama hapo, tukaacha maji yajae na kupwa. Za mchangani hazikuondoka kwenye alama. Za kwenye mfinyanzi zilishuka kidogo, zikatulia, na tangu kusi ipite hazijaongeza. Mashimo ya mkondo yalionekana kwenye nguzo za mbele, madogo kuliko alivyotuonya fundi, na tumeyajaza mawe.

Sasa tunataka kulirefusha gati kuelekea maji mengi, na huko vipimo vya fundi vinaonyesha mfinyanzi karibu mtupu. Yeye mwenyewe ametuambia pampu si ya huko. Kwa kipande hicho tumeomba bei ya nyundo.