Upasuaji wa uvimbe wa tumbo, hospitali moja ya rufaa hapa Dar: nyota 4 kati ya 5

Naandika kwa ajili ya yeyote mwenye mgonjwa anayezungushwa kama tulivyozungushwa sisi. Mamkubwa alitibiwa vidonda vya tumbo karibu mwaka mzima kwenye zahanati ya mtaani, kila mwezi omeprazoli, na choo kilikuwa cheusi kama lami ila hakuna hata mmoja aliyemuuliza choo chake kikoje. Siku alipoanguka bafuni damu ilikuwa 5, ndo tukakimbilia rufaa.

Kule wakamwongezea damu kwanza, ndugu tukapanga foleni kuchangia, alafu akapimwa kwa ule mpira wenye kamera unaomezwa. Wakaona uvimbe kwenye mfuko wa chakula, wakachukua kinyama, majibu yakarudi hakuna saratani. Jamani nilishaanza kupiga simu kijijini! Daktari wa upasuaji akanikalisha, akageuza fomu akachora mfuko wa chakula kwa peni, akanionyesha uvimbe umeota ndani kabisa ya ukuta, kwenye misuli, na kile kikoleo cha kwenye kamera kinadonoa ngozi ya juu tu, kwa hiyo usishangilie bado. Kwa mchoro ule peke yake nawapa nyota nzima.

CT ikaonyesha sentimita 7, ini salama. Akasema anahisi ni GIST, uvimbe adimu unaohusiana na zile seli zinazoupa utumbo mapigo ya kusukuma chakula, na hauendeshwi kama saratani zingine za tumbo, huu anaukata na kipande cha mfuko kinachouzunguka basi, hana haja ya kung'oa mfuko wote wala kusafisha matezi kwa sababu GIST ni mara chache sana kupitia huko. Alichokuwa anakiogopa ni kitu kimoja, usipasuke wakati wanautoa, maana ukipasuka seli zinamwagika tumboni na ugonjwa unarudi.

Ulitoka mzima. Nesi alinionyesha kwenye ndoo ndogo ya fomalini, kitu cha mviringo kama embe, upande mmoja kina kidonda chenye damu iliyoganda, nikajua ndo pale mamkubwa alipokuwa anavuja mwaka mzima.

Nyota niliyokata ni ya maabara. Kuthibitisha GIST inabidi nyama ipakwe dawa maalumu ya kutafuta protini inaitwa CD117, tukasubiri wiki 6, ukiuliza unaambiwa rudi Jumatatu, Jumatatu ikifika unaambiwa rudi Alhamisi, na simu hupigiwi. Wiki zote hizo mgonjwa hali halali. Na majibu yale ndo yanaamua dawa! Walihesabu seli zinazogawanyika wakakuta nyingi, yaani hatari ya kurudi ni kubwa, wakamwanzishia imatinibu miligramu 400 kila siku kwa miaka 3. Kabla dawa hii haijaingia miaka ya 2000 mwanzoni, GIST ikirudi kemo za kawaida zilikuwa karibu hazifanyi kitu, kwa hiyo sie tunashukuru sana. Anaimeza akishakula, na glasi kubwa ya maji, kope zinamvimba asubuhi ila mchana zinashuka.

CT ya miezi 6 imetoka safi. Mkienda pale ombeni kopi ya ripoti ya maabara siku hiyohiyo inapotoka na mkae nayo nyumbani, sie kila kliniki tunaulizwa hiyo karatasi.