Mbaazi na mahamri karibu na Ndia Kuu: alama 8 kwa 10

Nimefundisha Kiswahili Kitale kwa miaka 14, na hadi Agosti hii sikuwa nimekanyaga Mombasa. Wanafunzi wakiniuliza mahamri ni nini, nilikuwa nawajibu, "Ni kama mandazi tu." Nawaomba radhi wote, pamoja na wale walioshamaliza shule.

Kibanda chenyewe hakina jina wala ubao. Ipe Fort Jesus mgongo, shika Ndia Kuu (hiyo "ndia" ni "njia" kwa Kimvita), kisha ufuate harufu ya iliki vichochoroni. Tuktuk iliyonileta kutoka Mwembe Tayari ilinitoza shilingi 400. Jioni nilirudi kwa 150. Asubuhi nilifungua mdomo kuuliza bei, lafudhi ikaniuza.

Anayepika ni mama mtu mzima, leso kiunoni. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Wataka mangapi?" Nikasema mawili. Akanitazama juu hadi chini, akaniwekea manne, na yote niliyamaliza.

Hamri lake ni la pembetatu, limefura kama mto, na ukilipasua ndani mna mvuke tu. Mandazi yetu ya bara hushiba unga mpaka katikati. Hili limeacha nafasi, na nafasi hiyo ni ya mbaazi. Unga umekandwa kwa tui, kwa hiyo utamu hauji wote mara moja. Unaanza na iliki, nazi inafuata ukishameza. Mbaazi nazo zilikuwa zimelala majini usiku kucha, zikachemshwa zikalainika bila kupondeka, halafu zikaingia kwenye tui jepesi. Lile zito, kasimile, hutiwa mwisho, na hapo mwiko haupumziki, maana tui likichemka ovyo hukatika. Aliniruhusu nisimame kando ya sufuria nione. Bakuli langu lilikuja na pilipili moja ya kijani juu, nzima.

Nikiwa katikati ya hamri la tatu, mama akamwita mjukuu wake: "Hebu niletee mbuzi ile." Nikageuka kumtafuta mnyama. Nilikuwa nimeshajitapa pale kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili! Ngeli peke yake ingetosha kunizindua: mbuzi wa kuchinjwa ni "yule", ya kukunia nazi ni "ile". Swali hilo nimelitunga mwenyewe kwenye mitihani, si mara moja. Kijana akarudi na kigoda chenye chuma cha meno mbele, mama akakikalia na kuanza kukuna. Mzee aliyekuwa kando yangu aliweka kikombe chini ili acheke vizuri. "Mwalimu, hii hailii mee."

Alama mbili nimezikata hivi. Moja ni ya chai: inakuja imeshatiwa sukari, nyingi, na ukiomba isiyo na sukari unaulizwa kama u mgonjwa. Nyingine ni ya muda. Siku ya pili nilifika saa tatu kasorobo nikakuta karai limeshainamishwa. "Yamekwisha, mwanangu." Nendeni saa moja. Benchi lina mguu mmoja mfupi, lakini hilo sikulikatia kitu, unalizoea. Hamri ni shilingi 10, bakuli la mbaazi 50, chai 30. Nililipa 120 kwa M-Pesa.

Kutoka hapo nilikwenda Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593. Ina mengi, ila mimi nilikwama kwenye habari za Waomani kuizingira tangu 1696 hadi 1698, waliokuwa ndani wakiisha kwa njaa na maradhi. Niliisoma habari hiyo tumbo limejaa mbaazi na ulimi bado una iliki, nikaona haya kidogo.

Siku ya kuondoka nilipita karibu na Marikiti nikanunua mbuzi yangu. Muuzaji aliifunga kwa gazeti, mimi nikaitupia begini bila kufikiri. Tulipofika Nakuru baridi ikaanza, nikavuta sweta: meno yalikuwa yameshatoboa gazeti na kuichana mkono mzima, kutoka begani hadi kiwiko.