Tahadhari kwa wenye magari: muuzaji wa makopo ya gesi ya AC anayewawinda waliojijazia wenyewe

Ninawatahadharisha wenye magari kuhusu muuzaji mmoja wa mtandaoni anayeuza makopo ya gesi ya AC pamoja na kompresa (pampu inayosukuma gesi hiyo), na ambaye wateja wake wakubwa ni watu waliojaribu kujijazia gesi nyumbani mambo yakaenda mrama. Mimi ni fundi wa AC za magari, na magari yaliyopitia ushauri wake hunifikia yakiwa katika hali inayofanana: kompresa inakwaruza au imekwama kabisa, ndani ya mabomba kuna utando unaonata, na mwenye gari ameshalipa fedha nyingi kwa tatizo ambalo mwanzoni lilikuwa dogo.

Mtego wake huanza pale mtu anapoona AC inapuliza hewa ya uvuguvugu, akanunua kopo dukani, akalichomeka upande wa presha ndogo na kujaza hadi mshale wa geji ukaingia kwenye rangi ya kijani. Baada ya hapo baridi inazidi kupungua, na kompresa inanasa na kuachia kila baada ya muda mfupi. Mtu huyo akiuliza hadharani, muuzaji humfuata faraghani kwa upole mwingi, anajitambulisha kuwa fundi mwenzetu, na kuomba picha ya geji. Haulizi gari ni la aina gani wala mfumo wake unabeba gramu ngapi. Hukumu yake haibadiliki: gesi bado haijatosha, tena kuna tundu dogo linalohitaji kopo lake maalumu lenye dawa ya kuziba. Akaunti yake imeshabadilishwa jina, hivyo kumtambua kwa jina ni kazi bure. Mwenendo huo ndio utakaomtambulisha.

Picha ya geji haiwezi kumwambia mtu yeyote kiasi cha gesi kilichomo. Gari likiwa limezimwa na kupoa, sehemu ya R134a, yaani gesi inayotumika kwenye AC za magari mengi, huwa kimiminika na sehemu huwa mvuke, na maadamu kuna kimiminika kilichobaki, presha hufuata joto la mahali gari lilipo. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi geji itasoma takriban psi 80 na ushee, iwe ndani mna gramu 250 au 600. Injini ikiwaka, usomaji wa upande wa presha ndogo hupanda na kushuka kwa kufuata joto la nje, mzunguko wa injini na kasi ya feni. AC ya gari dogo kwa kawaida huchukua kati ya gramu 400 na 700, na kiasi halisi huwa kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Ukishajijazia kwa kukisia, njia ya kuaminika ni kuvuta gesi yote kwa mashine, kuipima kwenye mzani, kutafuta uvujaji, kuvuta vakyumu (kuondoa hewa na unyevu wote), kisha kujaza upya kwa uzito ule ulioandikwa. Gesi ikizidi, kimiminika hurundikana ndani ya kondensa (rejeta ya AC iliyo mbele ya gari), presha kubwa hupanda, na swichi ya usalama huikata kompresa. Ndiyo maana AC iliyojazwa kupita kiasi huonyesha dalili zinazokaribiana sana na za AC iliyopungukiwa, na anayekuhimiza uongeze kabla ya kupima ama hajui kazi, ama anaijua na anataka tu kuuza kopo.

Hiyo dawa ya kuziba nayo ina madhara yake. Aina nyingi hugandamana zinapokutana na unyevu, na mfumo uliojazwa kwa kopo bila vakyumu mara nyingi huwa umeshaingiza hewa na unyevu kupitia mpira wa kujazia. Badala ya kwenda kwenye tundu, dawa hugandia kwenye valvu ya upanuzi, yaani tundu jembamba linaloshusha presha ya gesi, na kwenye kichujio cha kukausha. Gereji nyingi zenye mashine ya kuvuta gesi hukataa gari zikigundua dawa hiyo, kwa sababu mashine nayo huziba. Siwalaumu.

Kilichonifanya niandike, hata hivyo, ni kilichomo ndani ya makopo yenyewe. Lebo inasema R134a. Nilipounganisha kitambua gesi kwenye makopo ambayo wateja walikuja nayo yakiwa hayajaisha, kifaa kilionyesha kwamba sehemu kubwa ni hidrokaboni, yaani gesi za jamii ya propani na butani, ambazo zinawaka moto. Zinapooza vizuri, na hapo ndipo mteja anapompa muuzaji nyota tano siku ya kwanza. Lakini ivapareta, sehemu inayopoza hewa, imekaa ndani ya dashibodi, na ikivuja, gesi hiyo huingia walipokaa abiria, katika gari ambalo halikutengenezwa kwa ajili ya gesi inayowaka. R134a bandia inaweza kuwa mbaya kuliko hiyo: mwaka 2011 wafanyakazi wa bandarini walikufa Vietnam na Brazil baada ya makontena ya baridi yaliyojazwa gesi bandia yenye kloromethani kulipuka, kwa kuwa kemikali hiyo hushambulia alumini na kuzalisha kitu kinachowaka chenyewe kikikutana na hewa.

Kompresa zikishakufa, huyohuyo huuza "mpya". Nimefungua moja: rangi nyeusi ilikuwa imepulizwa hadi juu ya vichwa vya boliti, alama za spana zikionekana chini yake, matundu yamezibwa kwa selotepu, na oili iliyomwagika ilikuwa ya kijivu, inametameta kwa chembe za alumini kama rangi ya kucha. Mteja akilalamika huulizwa kama alibadilisha kichujio cha kukausha, jambo ambalo muuzaji hakulitaja hata mara moja alipokuwa akipokea fedha, na baada ya jibu hilo mteja hufungiwa mawasiliano.

Kama umeshatumia kopo lake, usiwashe AC tena, na usilegeze bomba lolote kwa nia ya kutoa gesi mwenyewe, hasa karibu na moto au sigara. Nenda gereji yenye kitambua gesi ukiwa na kopo, na umweleze fundi kila ulichoweka kabla hajaunganisha mashine yake. Akikuta hidrokaboni ataitoa kwa vifaa vinavyofaa, mbali na tangi la R134a safi. Wenye magari ya haibridi waulize pia aina ya oili iliyokuwa ndani ya kopo, kwa sababu kompresa zao za umeme kwa kawaida hutumia oili ya POE, na oili ya PAG ikichanganyika humo hudhoofisha kinga ya umeme.

Hifadhi ujumbe wote, risiti ya malipo na picha ya lebo pande zote, na usitupe kopo hata likiisha. Ripoti akaunti hiyo kwa wenye jukwaa na kwa mtoa huduma ya malipo uliyemtumia, mapema uwezavyo, kwa kuwa muuzaji huyu hufuta matangazo yake mara tu malalamiko yanapoanza kuonekana.