Projekta ya mandhari ya jukwaani: ipi inafaa kumbi ndogo za Mwanza

Mchezo wa kuigiza unaohusu ziwa unahitaji usiku. Wavuvi wa dagaa hutoka wakati mbalamwezi haipo, na ukitazama kutoka Capripoint, mtaa wa Mwanza ulio kando ya ziwa, unaona weusi mtupu wenye taa ndogondogo zilizotawanyika mbali, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mchoraji atahangaika na usiku huo kwa wiki nzima. Projekta huuleta mara moja. Shida ni kwamba projekta nyingi zinazouzwa mjini huuharibu, kwa kuwa weusi wake ni kijivu kinachong'aa ukuta mzima. Kwa hiyo sikupanga orodha hii kwa ukali wa picha wala kwa namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi. Nimeangalia mambo mawili: projekta itakaa wapi bila mwigizaji kuikatiza, na itafanya nini pale jukwaa linapotakiwa kuwa giza.

Pima ukumbi kabla ya kwenda dukani. Kila projekta ina namba ya mrusho: umbali kutoka lenzi hadi kitambaa, ukigawanywa kwa upana wa picha. Unataka picha ya upana wa mita 4? Projekta ya kawaida ya ofisini yenye namba 1.5 inadai mita 6. Katika bwalo la shule au ukumbi wa parokia, mita 6 maana yake projekta imekaa katikati ya watazamaji, na kila mwigizaji anayesogea mbele ya kitambaa anavaa picha kifuani. Yenye namba 0.5 inadai mita 2 tu.

Nafasi ya kwanza: projekta ya masafa mafupi (namba ya mrusho kama ile 0.5) iliyotumika, ya aina ya madarasani, lumeni 3,000 au zaidi; lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga. Hii ndiyo ningemshauri kiongozi wa kikundi chochote anunue. Kama nyuma ya jukwaa kuna mita mbili au tatu, iweke huko, irushe picha kupitia kitambaa chepesi, na kivuli cha mwigizaji kinakuwa kimekwisha kabisa. Kwenye menyu utachagua kurusha kutoka nyuma ili maandishi yasigeuke. Iweke chini au juu sana, isiwe usawa wa macho ya watazamaji, la sivyo wataona duara la mwanga mkali la lenzi katikati ya kitambaa. Pasipo nafasi ya nyuma, itundike juu kwa mbele na wafundishe waigizaji kukaa mbali na kitambaa. Mita moja na nusu si nyingi, na inazuia pia taa za jukwaa kufuta picha.

Lumeni 3,000 zinatosha? Picha ya mita 4 kwa 2.5 ni mita za mraba 10, kwa hiyo kila mita inapata lumeni 300. Ukiitanua hadi upana wa mita 6, kila mita inabaki na kama 130, na taa moja ya manjano ikielekezwa vibaya inaimeza. Bora mandhari ndogo iliyokolea kuliko kubwa iliyofifia. Taa za waigizaji zitoke ubavuni, zisipige kitambaa. Kuhusu ukali wa picha, usilipie ziada: nukta 1,280 zikienea mita 4, kila nukta ina milimita 3 hivi, na aliyeketi mbali na jukwaa anaona jiwe na maji, haoni nukta.

Iliyotumika ikaguliwe kwa utulivu, na muuzaji asikuharakishe. Iwashe nusu saa nzima. Tupa picha nyeupe tupu: kwenye projekta za LCD, aina inayounda picha kwa paneli ndogo za ndani, mabaka ya manjano ni dalili ya paneli hizo kuchoka, na kwenye za DLP, aina inayotumia vioo vidogo, vidoti vyeupe visivyohama kwenye picha nyeusi ni vioo vilivyokufa, ambavyo kwa kawaida huongezeka. Soma saa za taa kwenye menyu, kwa sababu taa nyingi huishi saa 3,000 hadi 5,000, kisha uliza bei ya taa mpya kabla hujalipa. Sikiliza feni pia. Inayovuma itasikika kwenye onyesho la huzuni.

Nafasi ya pili: projekta ya leza, lumeni 4,000 hadi 5,000, yenye lenzi inayosogezwa. Kwa ubora ingekuwa ya kwanza. Bei ndiyo inayoishusha. Chanzo chake cha mwanga hutajwa kudumu saa 20,000, na nyingi zikiamriwa kuficha picha huzima leza yenyewe, kwa hiyo unapata giza la kweli, si kijivu. Lenzi inayosogezwa hukuwezesha kuiweka pembeni bila kupinda picha kwa programu, kitendo kinachopunguza nukta na mwanga. Kama kikundi, kwaya na shule ya jirani wanaweza kuchanga pamoja, nunueni hii.

Ya tatu: kukodi ya kawaida ya ukumbini. Kwa onyesho moja au mawili ni uamuzi mzuri kabisa. Ikodi kwa siku ya mazoezi pia, kwani mwigizaji asiyewahi kusimama mbele ya picha hajui asimame wapi.

Projekta za masafa mafupi mno, zile zinazokaa sentimita chache kutoka ukutani, naziweka nafasi ya nne. Kwenye ukuta ulionyooka ni nzuri, lakini kitambaa kinachoning'inia hakinyooki, na mkunjo mdogo unageuka wimbi kubwa kwenye picha.

Ya mwisho ni vile vijiprojekta vya LED vinavyoandikwa lumeni maelfu. Vikipimwa kwa kipimo sanifu cha mwanga cha ANSI, vingi hutoa mia chache. Mandhari ya jukwaa zima haviwezi. Kimoja kinaweza kutupa dirisha au mwezi kwenye kona yenye giza, na kwa kazi hiyo nakipenda. Skrini za LED za harusini sizipangi humu; zinang'aa kuliko sura za waigizaji.

Ukishanunua, tengeneza kifuniko cha lenzi: kipande cha kadibodi kwenye bawaba, kamba ikishuka hadi kwa fundi wa taa. Projekta ya taa ikionyesha weusi bado inavuja mwanga, na kadibodi hiyo ndiyo inayowapa watazamaji usiku wa ziwani. Isiguse lenzi, maana hupata moto.

Kando ya ziwa kuna jambo jingine. Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi hufuata mwanga, na kwenye onyesho la wazi huishia kwenye kichujio cha hewa. Kichujio kikiziba, projekta hupata joto na kujizima katikati ya tukio. Kisafishe kabla ya kila onyesho, na onyesho la nje lisianze kabla ya saa mbili usiku, giza likiwa limeshika. Umeme ukikatika, feni husimama taa ikiwa bado moto, jambo linalofupisha maisha yake, kwa hiyo UPS ndogo, yaani betri inayoshika umeme ukikatika, ni ya lazima.

Hela iliyobaki igawe kwa kebo na kitambaa. HDMI ya kawaida ikizidi mita 10 hivi huanza kuyumba. Tumia vigeuzi vinavyopitisha picha kwenye waya wa mtandao wa Cat6. Kitambaa cha kurushia kutoka mbele kiwe cha kijivu hafifu, kwa sababu hunywa ule mwanga unaovuja. Cha kurushia kutoka nyuma kiwe shuka jeupe la pamba lisilo na mshono katikati, livutwe pande zote nne.