Darasa la jioni la Kihispania, Malindi: mwalimu hodari, kitini kibovu

Ni wiki nane, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku. Wengi wanaoingia ni waongoza watalii, wahudumu wa hoteli na madereva wa tuktuk ambao Kiitaliano tayari wanacho mdomoni. Mwalimu anakijua Kihispania kwelikweli, na matamshi hayaachi mpaka kila mtu atenganishe "pero" (lakini) na "perro" (mbwa).

Taabu iko kwenye kitini. Kila kanuni inapitishwa kwa Kiingereza kwanza, na makosa yanazaliwa humo. Kwa kufuata "I am twenty" ya Kiingereza, mtu anaandika "soy veinte años" (mimi ni miaka ishirini), ilhali Kiswahili chake kingempa jibu sawasawa: nina miaka ishirini, "tengo veinte años".

"Ser" na "estar", vitenzi viwili vya "kuwa", ndipo kitini kinapoharibu zaidi. Kinasema "ser" ni ya mambo ya kudumu, "estar" ya muda. Basi mbona aliyekufa husemwa "está muerto"? Kifo si cha muda. Mwalimu angeanzia Kiswahili: mimi ni mvuvi, "soy pescador", niko Malindi, "estoy en Malindi", nimechoka, "estoy cansado", amekufa, "está muerto". Penye -ko, -po, -mo, au -me- ya hali iliyobaki, jaribu "estar" kwanza. Tahadhari ni kwenye shughuli: harusi iko Lamu ni "la boda es en Lamu", kwa sababu hapo maana ni kwamba inafanyika.

Kuna hili pia, na inasikitisha kuliona limeachwa. Sisi husema naona jahazi, lakini namwona Juma. Mtu lazima apate -m- yake. Kihispania nacho humtofautisha mtu, kwa "a": "veo un barco", "veo a Juma". Wanafunzi huisahau "a" hiyo wiki zote nane.

Upatanisho wa jinsia haumsumbui aliyezoea ngeli. Akariri tu wakaidi, maneno ambayo mwisho wake hauendani na jinsia yake: "el día" na "el problema" ni ya kiume japo yanaishia -a, "la mano" ni ya kike japo linaishia -o.

Kuhusu Kiitaliano kitini hakina hata ukurasa, na kwa Malindi hilo ni pengo kubwa. "Burro" ya Kiitaliano ni siagi. Ya Kihispania ni punda, siagi ni "mantequilla". "Gamba" kwa Mwitaliano ni mguu, kwa Mhispania ni kamba wa kuliwa. Kibaya zaidi kwa watu wa boti ni "salire", kupanda: "salir" ya Kihispania ni kutoka. Ukitaka mgeni apande, mwambie "suba".

Kwa mwalimu, ingia. Ila daftari lako ligawe safu tatu, Kihispania, Kiswahili na Kiitaliano, na kila sentensi ya kitini uiandike upya humo kabla ya kuikariri.