Kukiri kosa au kukana: ukisimama kizimbani Moshi

Shtaka likishasomwa, hakimu hungoja jibu lako. Wengi waliochoshwa na mahabusu ya gereza la Karanga husema "ni kweli" ili yaishe. Hukumu huja haraka, pengine siku hiyohiyo, na kukiri huweza kupunguza adhabu. Ila rufaa hubanwa: kwa kawaida utapinga ukubwa au uhalali wa adhabu, si kutiwa hatiani. Kuna kinga ambayo wengi hawaijui. Baada ya kukiri, mwendesha mashtaka husoma maelezo ya kosa; ukipinga jambo la msingi ("nilichukua, lakini nilijua ni langu"), hakimu anapaswa kuandika kwamba umekana.

Kukana si kumwita polisi mwongo, jamani. Ni kuitaka Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ithibitishe shtaka bila kuacha shaka. Gharama yake ni muda: kesi kupigwa kalenda, nauli za mashahidi wako kutoka Rombo, na rumande ukikosa wadhamini.

Kwa kosa lenye kifungo kirefu, ningekana kwanza, kisha nimtafute wakili. Aliyekana anaweza kukiri baadaye. Aliyekiri kurudi nyuma ni kazi, hasa adhabu ikishatolewa.