Tahadhari kwa wenye miti karibu na nyumba: bei ndogo inayopanda mti ukiwa umekatwa nusu

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, naandika kuwatahadharisha juu ya vijana wanaopita mitaani na msumeno wa mnyororo, ule ambao wengi wetu tunauita chensoo, wakiulizia nyumba zenye miti ya kukata. Si kila mwenye chensoo ni tapeli, na nitaeleza mbele jinsi fundi mwaminifu anavyopanga bei yake. Lakini kundi hili, lililofika kwangu Magomeni hapa Mtwara mjini mwezi wa Novemba, na ambalo kwa maelezo ya majirani lilikwisha kupita Chuno, lina namna ya kumkamua mtu ambayo haitambuliki mpaka imempata: linataja bei ndogo kwa mti mdogo, linaanza kazi kwa bidii, kisha linauacha mti katika hali ambayo mwenye nyumba hawezi tena kukataa bei yoyote.

Mti wangu ulikuwa mwarobaini ulioota wenyewe nyuma ya bafu, nasi tukauacha kwa sababu ya kivuli na dawa. Unene wake ni wa mtu mmoja kuukumbatia mikono ikakutana. Tanzu moja ilikuwa imelala juu ya bati la chumba wanacholala wajukuu zangu, na matawi ya upande wa pili yalikuwa yanaukaribia waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo. Mpita njia angeuita mti mdogo, nami niliuita hivyo hivyo.

Hofu yangu ilikuwa upepo, na nadhani kila anayeishi pwani hii ananielewa. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakaribia tuliambiwa tuhame mabondeni na shule zikafungwa, kisha kikaenda kutua kwa jirani zetu wa Msumbiji. Mei 2024 kikaja Hidaya, na mvua zake zikakata barabara ya kwenda Dar es Salaam pale Somanga. Tangu hapo mtu akiona tanzu juu ya bati lake, usingizi unapungua kila mawingu yanapojikusanya. Vijana hawa wanalijua hilo, kwa kuwa neno la kwanza walilonitamkia baada ya salamu lilikuwa hili: "Mama, mvua za mwaka huu zikianza na huu mti uko hapa, hao watoto wataponaje?"

Tulipatana shilingi 60,000. Kiongozi wao hakuuzunguka mti wala hakutazama juu kwa muda unaozidi pumzi mbili. Alitaja bei akiwa amesimama mlangoni pa ua. Nilipomuuliza kama hiyo ni kazi yote, alijibu, "Tunakata mti wote, mama, usiwe na wasiwasi." Aliomba nusu kwanza kwa ajili ya petroli na oili ya mashine, nikampa 30,000 mkononi, bila karatasi na bila shahidi.

Wakaanza na matawi ya upande wa uani, ambako hakuna bati wala waya, na ambako hata mtoto angeweza kushusha tawi kwa kamba bila kuharibu kitu. Walifanya haraka, matawi yakajaa ua mzima, nami nikawapelekea maji nikiona kazi inakwenda vizuri. Kufika saa sita mchana mti ulikuwa umenyolewa upande mmoja, na uzito wote uliobaki uko juu ya chumba cha watoto. Ndipo mmoja akapanda, akaitia ile tanzu mkato wa kina cha vidole vinne hivi karibu na shina, akazima mashine na kushuka. Niliuona mkato ule kwa macho yangu: mweupe kwa nje, mwekundu kwa ndani, na kila upepo ukivuma ulikuwa unafunuka kidogo na kujifumba, na unga wa mbao unadondoka juu ya bati.

Kiongozi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mama," akasema, "hili tawi la juu ya nyumba halikuwamo kwenye hesabu. Hili ni la kufunga kamba na kushusha kipande kipande. Ongeza laki mbili na ishirini, la sivyo sisi tunaishia hapa." Nikamwambia tulipatana mti wote. Akajibu kwa upole kabisa kwamba yeye alipatana mti, hakupatana bati.

Hapo ndipo ulipo ujanja wote. Fundi anayetaka kukuondolea hatari huanza na palipo na hatari wakati mti bado umesimama kwa mizani yake, kwa sababu mti wenye matawi pande zote hujishikilia wenyewe. Ukiupunguza upande ulio salama na kuuacha upande wa nyumba, unauinamisha kuelekea nyumba. Kwa hiyo ule mpangilio wa kazi, kuanza na rahisi na kuacha zito lililokwisha kutiwa mkato, haukuwa uzembe wala kutojua. Ulikuwa ndio bei yenyewe. Wangeacha tawi lile bila mkato, ningewafukuza nikatafuta wengine kesho yake, lakini baada ya mkato sikuwa na kesho.

Nilibishana nao karibu saa nzima, mwisho tukafika nyongeza ya 140,000, jumla 200,000. Walikuwa na kamba moja ya katani, nyembamba, nayo haikuweza uzito ule. Tanzu ikaanguka yote kwa pamoja, ikapasua bati mbili na kuikunja kofia ya paa. Nilipodai, jibu lilikuwa kwamba bati zangu ni za zamani. Kisha wakataka 40,000 nyingine za kuondoa matawi, kwa maelezo kwamba kukata ni kazi moja na kuzoa ni kazi nyingine. Nilikataa, wakaondoka. Kisiki wakakiacha kinanifika kiunoni. Asubuhi iliyofuata, nikiwa sokoni, walirudi na guta wakamwambia binti wa nyumbani kwamba mama ameruhusu, wakapakia magogo matano mazuri ya shina. Mwarobaini ni mchungu hata kwa wadudu, na maseremala wanaujua ubora wake; magogo yale hayakuwa takataka, yalikuwa mali.

Nililazimika kumwita fundi mwingine akashushe kisiki hadi usawa wa ardhi na kuzoa matawi, kwa 50,000. Ukijumlisha, mti wa 60,000 umenigharimu 250,000, mbali na bati mbili, kofia na misumari.

Fundi huyu wa pili hakuwa mgeni kwangu, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Wiki mbili kabla ya wale vijana alikuja kuutazama mti uleule. Aliuzunguka mara mbili, akaligonga shina kwa mgongo wa panga akisikiliza kama ndani kuna uwazi, akahesabu hatua kutoka kwenye shina hadi ukutani, na akasimama kwa muda mrefu akitazama waya. Aliniuliza matawi yatakwenda wapi, kisiki nakitaka kwa urefu gani, na magogo ni ya nani. Kisha akasema, "Mama, kazi hii ni laki moja na themanini, kila kitu kimetoka na ua umefagiliwa. Magogo ukiniachia mimi, nitachukua laki na nusu. Ila kwanza nenda TANESCO, kwenye huo waya mimi sipandi kabla wao hawajauzima." Niliona ni ghali mno kwa mti mdogo, nikamshukuru, na nikakaa nikingoja wa bei nafuu.

Sasa nimemwomba anieleze bei ile inatoka wapi, na ningependa kila mwenye mti ayasikie maelezo yake. Udogo wa mti hauishushi bei kama tunavyodhani, kwa sababu gharama nyingi ni zilezile: nauli ya kuileta mashine, petroli ya kuchanganya na oili, oili nyingine ya mnyororo, na mikono isiyopungua mitatu, yaani mmoja juu, mmoja kwenye kamba na mmoja wa kuondoa kinachoshuka. Kinachoipandisha ni mahali mti ulipo. Mwembe mkubwa ulio katikati ya shamba unaweza kuangushwa mzima kwa mkato wa chini na kazi ikaisha kabla ya adhuhuri, lakini mwarobaini mwembamba kati ya bafu na paa ni lazima mtu apande, afunge kila kipande na kukishusha kwa kamba, na kazi hiyo hula siku nzima. Mnazi nao una hesabu yake: hauna matawi ya kusumbua, ila kama hauna uwanja wa kuangukia, lazima mkwezi apande na kuukata vipande kuanzia juu, na kila kipande ni kizito kuliko kinavyoonekana. Mjohoro ukiuacha na kisiki utachipua tena, na mwarobaini vivyo hivyo, kwa hiyo anayekuachia kisiki cha kiunoni hajakuondolea mti, ameupogoa tu.

Basi neno "kukata" lisiwe ndilo neno la mapatano. Vijana hawa wanalipenda kwa sababu linawaachia milango yote wazi: matawi si kukata, kisiki si kukata, kushusha kwa kamba si kukata. Semeni "kuuondoa mti", kisha mtaje kwa maneno kila kilichomo: tanzu ya juu ya nyumba, urefu wa kisiki kwa sentimita, matawi kuzolewa na kupelekwa wapi, magogo kubaki au kwenda, na nani atalipa bati likivunjika. Karatasi ya daftari inatosha, ikiwa na sahihi za pande mbili na ya mjumbe au jirani mmoja mtu mzima. Fundi wa kweli hachukii karatasi hiyo. Nilipompa fundi wa pili, aliisoma, akaongeza mwenyewe mstari wa kufagia ua.

Kuhusu malipo ya awali, sisemi asipewe mtu hata senti, kwa kuwa petroli hainunuliwi kwa ahadi. Lakini ninyi mnaweza kuinunua hiyo petroli wenyewe na kumpelekea, na fedha nyingine zitoke baada ya tawi la hatari kufika chini. Sharti la kuanza na upande wa nyumba liandikwe pia, maana hilo peke yake linauvunja mtego wote. Akikataa kuanza huko, mwacheni aende na mashine yake mti ukiwa bado mzima.

Magogo yana jambo lake. Anayeyabeba anapata fedha, kwa hiyo thamani yake iingie kwenye bei, ishuke au ilipwe. Tena, kusafirisha mazao ya misitu kunahitaji hati kutoka Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS, na magogo yakikamatwa njiani swali la kwanza litakuwa yametoka kwa nani. Sikutaka ua wangu utajwe katika jambo kama hilo, ndiyo maana nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa siku ileile yalipochukuliwa na kuandikisha kwamba sikutoa ruhusa. Nawashauri mliokumbwa mfanye hivyo pia, hata kama mmekata tamaa ya kurudishiwa fedha, kwa sababu malalamiko matano yaliyoandikwa katika daftari la serikali ya mtaa yana uzito mbele ya polisi kuliko malalamiko ishirini ya kwenye baraza za nyumba.

Na ikiwa leo hii uko katika hali niliyokuwa nayo, mti nusu na vijana wamekaa juu ya ndoo, usiharakishe kulipa kama nilivyofanya mimi. Toa watu na godoro katika chumba kilicho chini ya tawi, zuia watoto wasipite hapo, kisha mwite mjumbe aje ayasikie mdomoni mwao yale mapatano ya mwanzo. Jirani yangu mmoja alifanya hivyo, na mbele ya mjumbe tawi lililokuwa la laki mbili likashushwa kwa elfu arobaini. Mkiona wameondoka kweli, fundi mwingine atakuja. Tanzu iliyotiwa mkato isiguswe na mtu wa nyumbani kwa panga wala kuvutwa kwa kamba, kwa kuwa haipasuki pale unapodhania.

Juzi mpwa wangu alikuwa Mtanda, Lindi, akawaona vijana watatu wenye chensoo na kamba moja nyembamba ya katani wakiongea na mzee mmoja mlangoni pake, nyuma ya nyumba kuna mti wa mkungu umelalia jiko. Alisimama akasikiliza. Bei waliyomtajia ilikuwa shilingi 60,000, nao walikuwa wanaomba nusu ya petroli.